Kaunta Buku ya Kwaya Mbili: Daftari la Maombi kwa Anayengoja Muda Mrefu

Maduka ya vitabu vya Kikristo siku hizi yanauza madaftari ya maombi yaliyochapwa tayari. Jalada ni la ngozi bandia, lina utepe wa kuwekea alama, karatasi ni nene, na chini ya kila ukurasa kuna aya ya Biblia. Ni mazuri. Ila mengi yamepangwa kwa siku 30, 40 au 90, na kila ombi limeachiwa kisanduku cha "Jibu" chenye mistari miwili. Hapo ndipo yanapomwangusha mama anayeomba mtoto, au mke anayeomba mumewe aache pombe. Siku ya 90 inafika, kisanduku kitupu, naye anaanza kuhisi kwamba muda wa ombi lake umekwisha. Abrahamu alitoka Harani na ahadi akiwa na miaka 75. Isaka alizaliwa baba yake ana miaka 100.

Kwa kazi hii tunapendekeza kaunta buku ya kawaida, ya jalada gumu, kwaya mbili (kwaya hapa ni kipimo cha unene wa daftari), kurasa 192. Haijui lolote kuhusu siku 90. Kwaya moja hujaa upesi, na kwaya nne ni nzito kubeba kwenda ibadani.

Dukani, usilipe kabla hujaifungua katikati. Uzi wa mshono uonekane kwenye mkunjo. Iliyoshikwa kwa gundi tupu huachia karatasi, na daftari la mtu anayengoja huachia mapema zaidi, kwa sababu hufunguliwa mara kwa mara kwenye kurasa zilezile. Udhaifu mkubwa wa kaunta buku ni wepesi wa karatasi: wino wa jeli hupenya upande wa pili, hivyo tumia kalamu ya bik. Mwambao, msimu wa mvua, jalada hushika ukungu likifungiwa kwenye mfuko wa nailoni. Liache penye hewa.

Upangaji ndio wenye uzito. Andika namba za kurasa zote kwa mkono. Kurasa 1 hadi 5 ziwe yaliyomo. Kuanzia 6, kila ombi lipewe kurasa mbili zinazotazamana, mpaka ukurasa wa 171. Hiyo ni nafasi ya maombi 83. Kurasa zinazobaki ni za shukrani.

Ukurasa wa kushoto uandikwe mara moja: tarehe, ombi lenyewe, andiko unalolishikilia, na "sehemu yangu", yaani kile ambacho mwombaji anapaswa kufanya huku anangoja. Anayeomba kazi ataandika barua atakazopeleka. Anayeombea ndoa ataandika mtu wa kumwomba msamaha. Sehemu hii watu huiruka, kisha kungoja kwao kunageuka kukaa tu.

Ukurasa wa kulia ni wa kungoja kwenyewe, na ndio unaolipatia daftari hili ubora wake. Weka mistari mitatu ya kusimama: tarehe, kilichotokea, hali. Kwenye "hali" zitumike alama nne: ndiyo, hapana, bado, na njia nyingine. Daftari lenye "limejibiwa" na "halijajibiwa" tu halina mahali pa kumweka Paulo, aliyeomba mara tatu mwiba uondolewe, akapewa neema badala yake. Halina pa kumweka Danieli pia, ambaye maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza na mjumbe akazuiliwa siku 21. Mule mule kwenye "kilichotokea" pawe na ruhusa ya kulia. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana "hata lini", na aliyeandika hivyo hakufukuzwa.

Makosa yanayoharibu daftari hili si mengi, lakini yanajirudia. La kwanza ni ombi pana. "Ee Mungu, nibariki" halitambuliki likijibiwa. Andika ada ya muhula gani, mtoto yupi, kiasi gani. La pili ni kumwekea Mungu tarehe ya mwisho. Tarehe ya mwisho ya ada ni ya shule, iandike kama ya shule. La tatu ni la hatari: kuandika "ndiyo" kwenye ugonjwa kwa sababu ya furaha ya mkesha. Subiri kipimo cha hospitali, na dawa ziendelee mpaka daktari aseme vingine. Kungoja majibu ya maabara hakumpunguzii Mungu utukufu. La nne ni majina. Daftari huachwa kwenye viti vya kanisa, na siri ya mtu aliyekuamini inasomwa na waimbaji wote wa kwaya. Tumia herufi moja au mbili.

Maombi yote 83 hayaombeki kila siku. Yagawe kwa siku saba, yaani 11 au 12 kwa siku, kisha jioni moja ya juma utenge kama dakika 20 za kujaza ukurasa wa kulia. Kujaza kila siku huzaa uchungu, kwa kuwa jambo la miaka halibadiliki kati ya Jumatatu na Jumanne.

Simu inafaa kwa kukumbusha saa na kutafuta neno haraka. Lakini ikiibiwa au kuharibika kabla hujahifadhi nakala, miaka imekwenda nayo.

George Müller, aliyelea yatima Bristol, alianza Novemba 1844 kuwaombea watu watano waokoke. Wa kwanza aliokoka baada ya miezi 18. Wawili kati yao alikuwa bado anawaombea miaka zaidi ya 30 baadaye. Ombi la namna hiyo litapita daftari hadi daftari, na wakati wa kuhamisha ndipo wengi hukosea: wanaandika tarehe ya leo, kama kwamba ombi ni jipya. Hamisha kila ombi lenye "bado" pamoja na tarehe yake ya kwanza, na pembeni andika namba ya ukurasa lilikotoka kwenye daftari la zamani.