Gauni la tenisi la Fred Perry nililoagiza Uingereza: uzoefu wangu

Nguo za zamani za wanawake wacheza tenisi nazikusanya kwa miaka sita sasa. Nyingi nimezitoa soko la Karume, Ilala, alfajiri belo zikifunguliwa, maana pale kitambaa nakishika mwenyewe kabla ya kutoa hela. Mtandaoni nilishalizwa mara moja. Hili ni la pili kuagiza, na limenifurahisha kiasi kwamba nimeona nilieleze.

Ni gauni jeupe la Fred Perry, kampuni ya Uingereza ya nguo za tenisi, halina mikono, sketi yake ya marinda, na kifuani limetariziwa lile shada la majani ambalo ni nembo yao. Lebo inasema limeshonwa Uingereza, kitambaa Terylene, aina ya poliesta. Nililipa pauni 42, na usafiri hadi Dar pauni 14. Lilifika siku ya 19, limekunjwa vizuri, halina harufu ya ukungu.

Nililinunua kwa sababu ya picha. Muuzaji alikuwa ameligeuza ndani nje, akapiga picha mishono, zipu, lebo, hata kwapa lenye doa la njano. Hakuficha doa. Yule wa kwanza aliniuzia gauni "la miaka ya 1950" kwa picha za mbele tupu. Kufungua kifurushi, nakuta zipu ya nailoni, na lebo ina alama za beseni na pasi, zile za maelekezo ya kufua. GINETEX, chama kinachosimamia alama hizo, kiliundwa Paris mwaka 1963! Nilimwandikia mara tatu, kimya. Iliniuma sana, maana nilidhani nimepata nguo ya enzi za Gussie Moran. Huyo ndiye mcheza tenisi Mmarekani aliyeingia mashindano ya Wimbledon mwaka 1949 na chupi yenye lesi aliyoshonewa na mbunifu wa mavazi Ted Tinling. Wapiga picha walilala chini ili waipate, na Tinling, aliyekuwa mwenyeji wa wachezaji pale, akapoteza nafasi yake. Hakurudishwa hadi 1982.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo raha yangu kubwa iko kwenye marinda. Suzanne Lenglen, bingwa Mfaransa wa tenisi wa miaka ya 1920, alicheza na sketi za marinda za hariri kutoka kwa mbunifu wa mavazi Jean Patou. Fikiria kazi ya kuzipiga pasi kila baada ya mechi. Terylene iligunduliwa Uingereza mwaka 1941, na poliesta ikikunjwa kwa joto kali kiwandani, kunjo linabaki. Hili langu nimelifua mara nne, nikalianika kivulini likichuruzika maji, na kila rinda limerudi mahali pake bila kuguswa na pasi. Aliyelishona aliacha upindo wa sentimita tano, kwa hiyo hata mwenye mwili mrefu anaweza kulishusha. Siku hizi upindo wa namna hiyo nauona kwa nadra.

Kuhusu saizi: lebo inasema 14, lakini kiuno ni inchi 28 tu. Usiamini namba za zamani. Omba kifua, kiuno na urefu vipimwe kwa futi kamba. Huyu alinitumia vipimo vyote siku hiyo hiyo.

Doa la kwapa limefifia, halijaisha. Nililoweka gauni kwa muda wa saa sita kwenye maji ya uvuguvugu yenye perkaboneti ya sodiamu (unga wa kuondoa madoa), nikarudia wiki iliyofuata. Blichi ya klorini msitie jamani, hula lastiki na kuigeuza nailoni njano. Kwa unyevu wa Dar silihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Nimelifunga kwenye merikani niliyoifua kwanza mpaka dawa ya kiwandani ikatoka.

Muuzaji huyu nampa nyota tano, na doa ninalihesabu kuwa sehemu ya bei tuliyokubaliana. Nimeshamwandikia tena. Mwaka 1962 Maria Bueno, mcheza tenisi wa Brazil, alicheza Wimbledon na gauni jeupe la Tinling lenye bitana ya waridi kali, iliyoonekana kila alipopiga sevu. Mwaka uliofuata klabu inayoendesha Wimbledon ikaweka sharti la nguo nyeupe. La Bueno lenyewe siwezi kulipata, ila nimemwomba aniangalizie gauni jeupe la miaka hiyo lenye bitana ya rangi. Amejibu kwamba kila gauni jeupe litakaloingia kwake atalifunua sketi kwanza.