Filta kwanza, kamera baadaye: ununue nini kwa ajili ya jua na mwezi vikipatwa

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, tena kwa saa za kistaarabu: uliiva wekundu saa 2:30 usiku, ukakaa hivyo mpaka saa 3:52. Juu ya paa la ghorofa tulikuwa watu sita, na mwenye kamera ya bei kuliko wote ndiye aliyeshuka bila picha. Lenzi yake iliizidi nguvu stendi. Upepo wa bahari ukipiga, shingo ya stendi inainama polepole na mwezi unatoka kwenye fremu. Mwisho akaamua kushika kwa mkono, akapata kitu kama yai lililopasukia kikaangoni.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kamera gani, mimi humpangia bajeti kuanzia mkiani: filta, stendi, halafu kamera na hela iliyobaki.

Filta

Kwa mwezi huhitaji filta. Kwa jua, bila filta hakuna kazi.

Ya kwanza kwangu ni karatasi ya filamu ya jua, kama Baader AstroSolar. Inauzwa kwa ukubwa unaokaribia A4, unaikata mwenyewe na kuibandika kwenye pete ya boksi gumu inayovaa mbele ya lenzi. Chukua yenye alama 5.0, inayopitisha sehemu moja tu kati ya 100,000 ya mwanga. Ipo pia ya 3.8, lakini hiyo ni ya kupigia picha tu, si ya kuchungulia kwa jicho, na kwenye kundi la watu lazima atokee mmoja wa kuchungulia. Karatasi moja inatosha lenzi mbili, kwa hiyo changeni. Kabla ya kila matumizi iinue kwenye taa kali: ukiona hata tundu la sindano, itupe.

Ya pili ni filta ya kioo ya kuzungusha na kukaza mbele ya lenzi, iliyoandikwa wazi kuwa ni ya jua. Imara, ila inafaa lenzi ya kipimo chake tu. Ya tatu ni kioo cha fundi welda, namba 14. Jua litatoka kijani na ukali wa picha utapungua. Mimi niliwahi kuuziwa cha namba ndogo huku muuzaji akiapa kwamba "vyote ni sawa". Si sawa, soma namba iliyochongwa kwenye kioo chenyewe.

Filta nyeusi za wapiga picha za ND1000 hazimo kabisa kwenye orodha hii, maana zinapitisha mwanga mara mia zaidi ya unaotakiwa. Picha za eksirei na beseni la maji nazo waachie waliotutangulia. Na ile miwani ya karatasi yenye alama ya ISO 12312-2 ni ya macho matupu; ukiivaa kisha ukachungulia kwenye darubini, mwanga uliokusanywa unaichoma na jicho linafuata.

Stendi

Sisi tunaokaa karibu na ikweta tuna shida ambayo miongozo ya Ulaya haiitaji: jua la mchana liko utosini. Stendi nyingi za bei rahisi zenye mkono mrefu haziwezi kuinua lenzi mpaka juu kabisa, mkono unagota kwenye miguu. Ijaribu palepale dukani, kamera ikiwa juu yake. Tazamisha lenzi dari, iachie, hesabu mpaka thelathini. Ikishuka, irudishe.

Kamera, kwa mpangilio wangu

1. *DSLR (kamera ya kubadilisha lenzi) ya mtumba na lenzi ya milimita 55-250 au 70-300.* Canon 600D au 700D zina skrini inayogeuka, na jua likiwa utosini utaishukuru shingo yako. Ukubwa wa jua au mwezi ndani ya kamera unaupata kwa kugawa namba hiyo ya milimita za lenzi kwa 110: lenzi ya 250 inakupa duara la milimita 2.3, kwenye sensa (sehemu inayonasa picha ndani ya kamera) yenye kimo cha karibu milimita 15. Ni dogo, lakini unalikata na linatosha. Weka kamera ipige yenyewe baada ya sekunde 2 ili kidole kisiitingishe. Na kupatwa kukiisha, kamera hii inakwenda harusini kurudisha hela yake.

Ukinunua lenzi ya mtumba ukanda wa pwani, pitisha tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni fangasi. Bei ikipunguzwa namna gani, iache.

2. *Kamera ya zumu ndefu kama Nikon P900.* Zumu yake ya mara 83 inaujaza mwezi kwenye fremu mpaka mashimo yake unayahesabu. Ila mwezi ukishaiva wekundu giza linaizidi, picha inajaa chenga, tena haihifadhi picha ghafi za kusafisha baadaye. Na kwa zumu hiyo mwezi unakimbia: ndani ya dakika 2 umesogea upana wake mzima.

3. *Darubini inayojiendesha, kama Seestar S50.* Inalifuata jua yenyewe, filta imo ndani ya boksi, unaiongoza kwa simu. Ni ya mwenye hela asiyetaka kujifunza kamera. Naiweka ya tatu kwa sababu ya bei, na haipigi harusi.

4. *Simu.* Mwezi utatoka kama taa ya barabarani. Lakini jua likipatwa nusu, nenda chini ya mwembe: kila upenyo kati ya majani unamwaga kijijua chenye umbo la hilali, mamia yao mchangani, kwenye kanga, kwenye migongo ya watoto. Picha hiyo haihitaji filta wala stendi.

Tarehe ya kununulia

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika 6, na kivuli kitapita Jeddah na Makka. Walioko huko watatoa filta jua likishafunikwa kabisa, na kuirudisha kabla halijachomoza upande wa pili. Sisi wa Dar, Mombasa na Unguja tutaona sehemu tu, kwa hiyo filta haitoki hata sekunde moja. Agizeni miezi kadhaa kabla, kisha fanyieni mazoezi kwenye jua la kawaida: tafuta madoa yake, na yakitokea makali kwenye skrini, fokasi imekaa, igandishe kwa kipande cha gundi ya karatasi.