Stesheni Mpya, Kivuko cha Reli cha Zamani: Uzoefu Wangu wa Treni ya Dar es Salaam na Morogoro

Tangu Septemba 2024 nimekuwa nikisafiri karibu kila mwezi kwa treni ya SGR, yaani treni ya umeme ya reli mpya ya kisasa, kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na kurudi, kwa sababu mama yangu anaishi Kihonda, Morogoro, na magoti yake hayamruhusu tena kuvumilia safari ya basi. Nimeandika tathmini hii nikiwahesabu pia wale ambao, kama mimi, wanaishi ng'ambo ya reli ya zamani na hawawezi kufika stesheni bila kuivuka. Wengi wanaoisifu treni hii huanza kusimulia pale walipoingia kwenye jengo. Mimi nitaanza na jengo, kwa kuwa linastahili, kisha nitarudi nyuma hadi kwenye njia inayonifikisha hapo.

Stesheni ya Dar es Salaam, ambayo sasa inaitwa kwa jina la Rais John Magufuli, imejengwa katikati ya jiji, si mbali na ile ya zamani ya Reli ya Kati. Paa lake limebuniwa kwa kufuata umbo la jiwe la tanzanite, kama lile la Morogoro lilivyochukua sura ya milima ya Uluguru. Unaingia kwa kuonyesha tiketi na kitambulisho, mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi, kisha unapanda kwa lifti au ngazi za umeme hadi kwenye ukumbi wa kusubiria, ambao ni mpana, una mwanga wa kutosha na viti vya kukaa. Nauli ya daraja la kawaida hadi Morogoro ilipangwa kuwa shilingi 13,000 huduma ilipoanza Juni 2024, na kwa safari isiyozidi saa mbili, ambayo basi huila nusu siku foleni zikishamiri, sijawahi kuiona kuwa ghali.

Kilichonigusa zaidi ni siku nilipomchukua mama kwa mara ya kwanza aje kwangu. Mama amekulia Kilosa, na treni anayoijua ni ile ya reli ya mita, yaani reli ya zamani yenye upana wa mita moja, ambayo katika stesheni ndogo abiria aliikwea kutoka chini kwenye kokoto, akishika vyuma vya mlangoni, huku vikapu na watoto wakipitishwa dirishani na jamaa waliobaki nje. Siku hiyo alisimama kwenye jukwaa la stesheni ya Morogoro akiwa ameshika fimbo yake, akisubiri nimwinue. Behewa liliposimama, mlango ukafunguka karibu usawa wa miguu yake. Aliutazama, akanitazama, kisha akaingia mwenyewe. Hakusema neno hadi tulipokaa, ndipo akauliza kama stesheni zote zimejengwa hivyo. Kwa mzee, kwa mama mjamzito na kwa mtu wa kiti cha magurudumu, stesheni nzuri ni ile inayomruhusu aingie bila kuomba msaada, na katika jambo hilo ninaipa huduma hii alama zote.

Jambo la pili ambalo abiria wengi hawalitaji, pengine kwa kuwa halionekani ukiwa kitini, ni kwamba reli hii haikutani na barabara mahali popote kwa usawa wa ardhi. Inapotoka katikati ya jiji inapita juu ya daraja refu, na kuanzia hapo imezungushiwa uzio, huku magari, watu na mifugo wakipita juu yake au chini yake katika vivuko vilivyojengwa kwa kazi hiyo. Haikuwa anasa kufanya hivyo. Treni hii imesanifiwa kufikia kilomita 160 kwa saa, maana yake ni zaidi ya mita 44 kwa kila sekunde, na urefu wa uwanja wa mpira unamalizwa kabla mtu hajahesabu tatu. Hakuna honi wala geti linaloweza kumlinda mvukaji dhidi ya mwendo huo. Kinga pekee ni kumwondoa kabisa relini. Nyaya za umeme zilizo juu, zenye volti 25,000, ni sababu nyingine ya kutoruka uzio, na ninawaomba wazazi wawaeleze watoto wao jambo hilo waziwazi.

Sasa nirudi kwenye njia yangu. Kati ya nyumba ninayoishi na stesheni hiyo ya kisasa kuna kivuko cha reli ya zamani ambacho sitakitaja jina, kwa sababu vya aina yake ni vingi na sitaki ionekane kwamba kimoja tu ndicho chenye shida. Hakina geti wala mlinzi. Kina alama ya msalaba ambayo rangi yake imeshachujuka, na wenye bodaboda huipita kama wanavyoupita mnazi ulio kando ya njia.

Asubuhi moja ya mvua, nikiwa naelekea stesheni, daladala niliyopanda iliingia relini ikilifuata gari la mbele kabla upande wa pili haujapata nafasi. Foleni ikasimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshavuka, ya nyuma yalikuwa bado, na sisi abiria, wengi tukiwa tumesimama, tulikuwa juu ya reli yenyewe. Vioo vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya mvua na muziki ulikuwa juu. Mama mmoja aliyekaa dirishani ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, treni ile." Ndipo tukaisikia honi. Kondakta alikuwa akigonga ubavu wa gari kwa kiganja, dereva akiwapigia kelele walio mbele, na mlango haukufunguka upesi kwa kuwa watu walikuwa wameulalia. Kilichotuokoa ni dereva wa bajaji aliyekuwa mbele yetu, ambaye alikubali kuitumbukiza bajaji yake kwenye mtaro ili tupate nafasi ya kusogea. Treni ilipita nyuma yetu. Hakuna aliyeumia, na hakuna aliyezungumza hadi kituo kilichofuata. Nilifika stesheni kwa wakati, nikapanda treni safi yenye kiyoyozi, na mikono yangu ilitetemeka hadi tukaipita Ruvu.

Tangu siku hiyo nimejifunza mengi kuhusu vivuko vya reli kuliko nilivyowahi kufikiri nitahitaji. Treni haiwezi kumkwepa mtu, na dereva wake akifunga breki zote, treni nzito yenye mwendo mkubwa inaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi kabla ya kusimama. Kwa hiyo anapokuona uko relini, mara nyingi uamuzi haumo tena mikononi mwake. Tena kitu kikubwa kinachokuja kwa mbali huonekana kwenda polepole kuliko kinavyokwenda, na ndiyo maana watu wenye akili timamu hukadiria vibaya. Gari likizimika relini, abiria wote wanapaswa kushuka mara moja na kuacha mizigo, kisha wakimbie mbali na reli kwa mshazari, kuelekea upande treni inakotokea, kwa sababu vipande vya gari lililogongwa hurushwa kule treni inakoelekea. Jambo hilo la mwisho sikulijua, na siku ile ningekimbilia upande usio sahihi.

Sisemi haya kwa kuogopa kivuli. Tarehe 29 Novemba 2023, huko Manyoni mkoani Singida, basi la abiria na treni viligongana kwenye makutano ya reli na barabara, na watu 13 wakapoteza maisha. Wale hawakuwa watu waliocheza relini. Walikuwa abiria waliolipa nauli na kumwachia dereva roho zao, kama sisi tulivyokuwa asubuhi ile ya mvua.

Ndiyo sababu ninaposikia mipango ya kuboresha stesheni za zamani, zikiwemo zile zinazohudumia treni ya mjini ya Dar es Salaam, iliyoanza Oktoba 2012 na ambayo wengi bado tunaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ninatamani fedha za kivuko ziwekwe katika mkataba uleule wa paa, vyoo na viti. Mita mia chache za kila upande wa stesheni ndizo zenye watu wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya reli: wanafunzi, wachuuzi, watu wanaokimbilia treni wasiachwe. Hapo panatakiwa geti lenye kengele na taa, mlinzi wakati wa asubuhi na jioni, mistari ya njano barabarani inayomwonyesha dereva mahali asiporuhusiwa kusimama, na daraja la waenda kwa miguu lenye mteremko, si ngazi peke yake, kwa maana mtu kama mama yangu akiona ngazi 40 atapita chini relini. Na pale panapojengwa njia ya chini, iwekewe taa na mifereji. Nimewahi kufika kwenye njia moja ya namna hiyo wakati wa masika nikakuta maji yamefika magotini, na watoto wa shule wameshatafuta pengo la kupitia juu.

Kwa treni yenyewe, usafi wake, kutunza muda na heshima ya wahudumu niliokutana nao, ninatoa alama 9 kati ya 10. Ile moja nimeizuia kwa sababu ukishuka Morogoro usiku na unakwenda mjini, usafiri wa kukutoa Kihonda, stesheni ilipo, unakuwa wa kubahatisha. Kwa safari nzima, kuanzia mlangoni kwangu hadi kitini, siwezi kutoa zaidi ya 5, na alama hizo zitapanda siku kivuko kile kitakapopata geti.

Tiketi yangu ya mwezi huu ni ya Jumamosi asubuhi. Nimeshazungumza na kijana wa bodaboda anayenipeleka: tukifika relini atazima muziki na kusimama, nitashuka, nitatazama pande zote mbili na kuvuka kwa miguu, naye atanifuata nikishamwashiria kwa mkono. Mwanzoni alisema nitamchelewesha. Juzi nilimwona akifanya hivyohivyo na abiria mwingine.