Miezi saba na akina mama wa taka wa Jang'ombe, Zanzibar

Kila mtu ananiuliza kama ile huduma ya akina mama wanaopita na gari la punda kuchukua taka inafaa, basi naandika mara moja. Inafaa, lipeni. Elfu tatu kwa mwezi si pesa ya kumuumiza mtu, mnakumbuka wenyewe tulivokuwa, kila nyumba na biwi lake pembeni ya mtaro, masika ikiingia maji yanarudi ndani na pampasi za watu.

Unapewa ndoo ya mfuniko na polo. Ndoo ni ya jikoni, maganda ya muhogo na ndizi, machicha ya nazi, majani ya chai. Polo la vikavu, chupa za maji, makopo, maboksi. Matumbo ya samaki hawataki, yanaita panya. Wiki mbili za mwanzo wanangu walikuwa wanatia kila kitu pamoja, sasa hata yule wa skuli ya maandalizi anachambua mwenyewe.

Nilikwenda mpaka pale wanapofanyia mboji. Wanatandika majani makavu, juu yake taka mbichi, tena makavu, wananyunyiza maji na kugeuza kila baada ya siku kadhaa. Mama mmoja akanambia tia mkono, nikatia, moto! Nikadhani kuna makaa chini kumbe ni kuoza tu ndo kunaleta joto lile. Baada ya miezi kama mitatu inatoka nyeusi, inanukia kama udongo ulopigwa na mvua. Nimenunua polo moja nikatia kwenye ndoo za rangi nilizopandia bilingani uani, zimebeba mpaka nimegaia majirani.

Sasa malalamiko. Mwezi wa pili nilimuona kijana wa gari anamwaga ndoo yangu juu ya makopo, vyote pamoja, mbele ya macho yangu, na mie nimekaa jikoni wiki nzima nachambua. Wallahi niliumia. Nikampigia bi mkubwa wao jioni ile ile, asubuhi kaja mwenyewe mlangoni, "samahani mwanangu, huyu mgeni hatujamfundisha", na toka siku ile gari lina mapipa mawili. Hapo ndo nikaamua nabaki nao. Ila Ramadhani walichelewa, na ndoo ikikaa siku nne kwa joto hili inafanya funza (natia majivu kidogo juu, yanasaidia). Chupa za gilasi pia hawachukui, zangu zimejaa uani sijui nizipeleke wapi.

Mifuko ya plastiki sie tumepiga marufuku toka 2006, bara wakaja 2019, lakini angalieni mtaro wowote baada ya mvua, chupa za maji tupu. Wale akina mama wanaziuza kwa kilo, na taka za jikoni zinakuwa mbolea, yote hayo hayendi tena jaani Kibele, na Kibele nako watu wanaishi.

Wanapita Jumatatu na Alkhamis, toeni kabla ya saa mbili asubuhi. Na ndoo zioshwe jamani, wale ni mama zetu na wanazishika kwa mikono yao.