Tathmini ya CRT6: karatasi ya kutambua mtikisiko wa ubongo kwenye benchi la kikapu cha wanawake

Kwa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu isiyo na daktari benchini, na hiyo ndiyo hali ya timu nyingi za shule, vyuo na mitaani hapa Afrika Mashariki, sijaona kifaa chenye manufaa kuliko karatasi iitwayo CRT6. Kazi yake ni kumsaidia mtu asiye na mafunzo ya udaktari kutambua dalili za mtikisiko wa ubongo kwa mchezaji aliyeumia, awe mtoto au mtu mzima, na kuamua kumtoa uwanjani. Haiuzwi, inapakuliwa bure kwenye intaneti na inaruhusiwa kurudufiwa na kugawiwa, mradi isibadilishwe wala kufanyiwa biashara. Nimekuwa nayo kwenye mkoba wa huduma ya kwanza nikiwa msaidizi wa kocha wa timu ya wasichana, na nina ya kusema kuhusu ubora wake na kuhusu yale inayotuachia tuyatafutie jibu wenyewe.

CRT6 ilitokana na mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni uliofanyika Amsterdam mwezi Oktoba 2022, ikachapishwa mwaka 2023 katika jarida la British Journal of Sports Medicine pamoja na kipimo kingine kiitwacho SCAT6. Hivi viwili visichanganywe. SCAT6 ni cha wahudumu wa afya, kwa wachezaji wa miaka 13 na kuendelea. Kina majaribio ya kumbukumbu, ya umakini na ya kusimama bila kuyumba, na hakiwezi kufanyika inavyotakiwa chini ya dakika 10 hadi 15. Anayezijua kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, ataona ugumu wake mara moja, kwani taimu-auti ni sekunde 60, mapumziko baina ya robo ya kwanza na ya pili ni dakika 2, na ni mapumziko ya katikati ya mchezo pekee yanayofika dakika 15. Kocha anayetaka mchezaji wake apimwe harakaharaka pembeni ili arudi kabla robo haijaisha anaomba jambo lisilowezekana. CRT6 haikutaki uthibitishe chochote. Inakutaka ushuku tu, na ukishashuku, mchezaji anatoka na harudi mpaka aonwe na mhudumu wa afya, hata kama baada ya muda mfupi anasema amepona. Katika mchezo wetu uamuzi huo hauna gharama inayoweza kutajwa kama udhuru. Mpira wa miguu ulihangaika miaka mingi kwa sababu idadi ya wachezaji wa akiba wanaoweza kuingia ina kikomo, ilhali kocha wa kikapu anabadilisha wachezaji mara nyingi kadiri apendavyo.

Mpangilio wa karatasi hii ni mzuri kwa sababu unafuata uharaka wa mambo. Inaanza na dalili za hatari zinazotaka mgonjwa awahishwe hospitali: maumivu ya shingo, degedege, kupoteza uwezo wa kuona au kuona vitu viwiliviwili, kuzimia, kuchanganyikiwa kunakozidi, ganzi au udhaifu wa mikono na miguu, kutapika tena na tena, kuumwa kichwa kunakoongezeka. Hapo hapo inakukumbusha kwamba majeruhi asinyanyuliwe ovyo na mtu asiyefunzwa, kwa kuwa shingo nayo huenda imeumia. Onyo hilo peke yake lingetosha kuifanya ibandikwe ukutani katika kila uwanja, maana mazoea yetu mchezaji akianguka ni watu wanne kumkimbilia, huyu akamvuta mkono, yule akammwagia maji, na kabla hajajua yuko wapi ameshasimamishwa wima.

Baada ya hapo zinafuata ishara zinazoonekana kwa macho, kama vile kulala bila kujongea, kuanguka bila kujikinga kwa mikono, kuchelewa kuinuka, kuyumba na kukodoa macho bila kuitika. Kisha yale ambayo mchezaji mwenyewe huyasema, tangu kizunguzungu na kichefuchefu hadi kuumizwa na mwanga au kelele, huzuni na kuhisi tu kwamba hayuko sawa. Sehemu hii ina faida kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu watu wengi bado wanaamini kwamba asiyezimia hajaumia ubongo. Ukweli ni kwamba mitikisiko mingi ya ubongo michezoni hutokea bila mchezaji kupoteza fahamu hata kidogo, na picha za kawaida za CT, zile za hospitali zinazopigwa kwa mionzi, haziwezi kuthibitisha kwamba mtikisiko haupo: huonyesha kama fuvu limevunjika au damu imevuja, lakini mtikisiko wenyewe hauonekani humo. Familia inayorudi kutoka hospitali na picha safi haijapewa ruhusa ya mazoezi ya kesho.

Nimesema tangu mwanzo kwamba naizungumzia timu ya wanawake, na sababu yake si upendeleo. Katika michezo ambayo wanaume na wanawake hucheza kwa kanuni zilezile, kikapu kikiwemo, takwimu za shule na vyuo vya Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba kiwango cha mtikisiko wa ubongo kwa wanawake ni kikubwa kuliko kwa wanaume. Sababu zinazotajwa ni kadhaa: misuli ya shingo isiyo na nguvu ya kutosha kukizuia kichwa kisiyumbe pigo linapokuja, mabadiliko ya homoni, na pia uwezekano kwamba wanawake husema wanapoumia mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Majeraha yenyewe hayatokani sana na mpira kugonga kichwa. Hutokana na miili kukutana: kiwiko cha anayelinda ribaundi (mpira uliodunda baada ya kukosa kikapu), vichwa viwili vinavyougombea mpira sakafuni, mchezaji anayegonga skrini asiyoiona (yaani mpinzani aliyesimama kumzibia njia), na kisogo kinachotua chini baada ya kuruka. Viwanja vyetu vingi ni vya saruji, nje, chini ya jua, na saruji hainyumbuki kama mbao.

Hata hivyo, kusema kwao ndiko kunakowaponza. Nimekaa kwenye mabenchi ambako msichana anayelalamika kichwa huambiwa anajidekeza, au ni njaa, au ni mambo ya mwezi, kisha anapewa kidonge cha kutuliza maumivu na kurudishwa ndani. Karatasi hii inapinga desturi hiyo kwa uwazi, kwa kuwa inayataja malalamiko hayohayo kama dalili na inakataza dawa ambazo hazikuagizwa na mhudumu wa afya. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu wachezaji vijana, ambao uligundua kwamba waliotolewa mara tu walipoumia walipona kwa takriban nusu ya muda uliowachukua wale walioendelea kucheza. Kocha anayedhani anaiokoa mechi moja kwa kumbakiza mchezaji anajipokonya mechi nyingi zinazofuata.

Wenye uwezo mkubwa kuliko sisi hawafanyi mjadala juu ya hilo. Oktoba 2025, katika fainali za WNBA, ligi ya wanawake ya kulipwa ya Marekani, Satou Sabally wa Phoenix Mercury aliumia kichwa kwenye robo ya nne ya mchezo wa tatu dhidi ya Las Vegas Aces. Mchezo wa nne, ambao ndio uliowapa Aces ubingwa, hakuucheza. Mapema msimu huohuo Paige Bueckers wa Dallas Wings, akiwa katika mwaka wake wa kwanza wa ligi hiyo, aliwekwa kando kwa sababu ya mtikisiko wa ubongo. Ikiwa mchezaji nyota anaweza kukosa mchezo wa fainali, hakuna bonanza la Jumamosi lenye uzito wa kumrudisha mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Sehemu niliyoitumia zaidi ni ile ya maswali ya ufahamu: tuko wapi leo, nani alifunga mwisho, mechi iliyopita mlicheza na nani, je, mlishinda. Ni maswali mepesi yanayotosha ndani ya taimu-auti moja, nayo karatasi inaruhusu yarekebishwe kulingana na mchezo na umri. Hilo la nani alifunga mwisho linafaa mpira wa miguu kuliko kikapu, ambako vikapu hufuatana kwa sekunde chache na hata aliyekaa benchi akiwa mzima anaweza kukosea. Mimi huuliza tuko robo ya ngapi, tunashambulia upande upi, na nani anamkaba mchezaji wao mrefu. Naona inafaa maswali hayo yapangwe kabla ya mechi na yaulizwe kwa lugha ambayo msichana huizungumza na wenzake. Angalizo ni kwamba kujibu vyema hakumsafishi mchezaji. Aliyejibu yote lakini anayumba bado anatoka, na kwa bahati mbaya makocha wengi hukumbuka maswali wakasahau ishara nyingine zote zilizotajwa juu yake.

Sasa kasoro zake. Nakala ninayoitumia ni ya Kiingereza, na maandishi yake yamebanana kiasi kwamba mtu anayeitazama kwa mara ya kwanza huku mchezaji amelala mbele yake hataokoa muda wowote. Lazima isomwe nyumbani, mara kadhaa, na wote wanaokaa benchini. Pia imeandikwa kana kwamba kila mchezaji ana kichwa wazi. Tangu mwaka 2017 FIBA imeruhusu hijabu, jambo lililowafungulia mlango wasichana wengi wa Zanzibar, Mombasa na kwingineko pwani, lakini karatasi haikusaidii kuamua ni vipi utatazama uvimbe au jeraha lililo chini ya kitambaa. Timu inapaswa kuwa na mwanamke aliyeandaliwa kwa kazi hiyo na mahali pa faragha palipokubaliwa mapema, ili msichana asilazimike kuchagua kati ya stara yake na usalama wake.

Kasoro nzito zaidi iko kwenye msingi. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalizichunguza tafiti zilizotumika kuandaa miongozo mikubwa ya mtikisiko wa ubongo iliyotangulia, yakakuta kwamba takriban asilimia 80 ya washiriki walikuwa wanaume, na kwamba takriban asilimia 40 ya tafiti hizo hazikuwa na mwanamke hata mmoja. Chombo ninachokisifu kimerithi maarifa yaliyokusanywa zaidi kutoka kwenye miili ya wanaume, na hilo linanikera, kwa kuwa wanaoumia kwa kiwango kikubwa ndio waliohesabiwa kidogo. Hilo haliifanyi karatasi kuwa mbaya. Linamtaka anayeitumia asisubiri orodha ya dalili itimie kabla ya kuchukua hatua.

Wazazi huniuliza kuhusu vikinga kichwa, yaani bendi zenye sponji nene zinazotangazwa kuwa kinga dhidi ya mtikisiko wa ubongo. Ushauri wangu ni kutozinunua kwa lengo hilo. Sponji inaweza kupunguza michubuko na kupasuka kwa ngozi, lakini ubongo huumia zaidi kwa kuzungushwa na kutikiswa ndani ya fuvu, na hilo sponji ya paji la uso hailizuii vya kutosha. Jaribio kubwa lililofanywa Marekani kwa wachezaji wa soka wa sekondari zaidi ya 2,700, wavulana na wasichana, halikuona upungufu wa mitikisiko ya ubongo kwa waliovaa vikinga hivyo. Fedha hiyo ikilipia mafunzo ya huduma ya kwanza ya mwalimu mmoja, au mazoezi ya kuimarisha shingo na ya kutua vizuri baada ya kuruka, itakuwa imetumika vyema zaidi.

Pale mechi inapoisha ndipo karatasi hii inapotuachia kazi kubwa. Inasema majeruhi asiachwe peke yake kwa angalau saa 3 za mwanzo, asirudi nyumbani bila mtu, asiendeshe chombo cha moto. Kwetu maana yake ni kwamba hapandishwi bodaboda akaagwa. Anasindikizwa na mtu mzima mpaka mikononi mwa mzazi au matroni wa bweni, na huyo anayempokea anaelezwa dalili za hatari kwa mdomo na kuachiwa nakala. Kuhusu siku zinazofuata, haisemi mengi, na ni lazima kuitafuta taarifa kuu ya mkutano ule wa Amsterdam. Humo imeelezwa kwamba kujifungia gizani kwa muda mrefu hakusaidii. Mgonjwa apumzike kiasi kwa saa 24 hadi 48 huku akipunguza simu na runinga, kisha aanze kutembea na shughuli nyepesi, na arudi mchezoni kwa hatua sita, kila moja ikichukua angalau saa 24, huku mazoezi ya kugusana yakisubiri dalili ziishe na mhudumu wa afya aidhinishe. Darasa nalo lina hatua zake, na mwanafunzi mwenye kichwa kinachouma hapaswi kusukumwa kwenye mtihani kwa sababu tu hana plasta.

Kwa timu itakayoamua kuitumia, napendekeza ichapishwe pande mbili kwa maandishi makubwa kadiri inavyowezekana, iwekewe plastiki, na nakala yake ikae kwenye mkoba wa huduma ya kwanza na nyingine kwenye meza ya waamuzi. Muhimu kuliko yote, mwenye mamlaka ya kumtoa mchezaji kwa sababu ya kichwa asiwe kocha mkuu. Awe meneja wa timu, mwalimu wa michezo au mama mlezi, atangazwe mbele ya wachezaji kabla ya msimu kuanza, na uamuzi wake usipingwe na mtu yeyote benchini, hata kama zimebaki sekunde chache na timu iko nyuma kwa pointi moja.