Nimesoma jarida la Transition, matoleo ya miaka ya 60, na hiki ndo nilichokiona

Ukimtajia Transition mtu wa fasihi ya Afrika anaanza kukumwagia majina ya waandishi wakubwa wa Nigeria, mara Achebe, mara Soyinka, mara Okigbo aliyekuwa mhariri wao upande wa Afrika Magharibi, mpaka unajiona mshamba kwa kutokuwahi kulishika. Mimi nilikuwa hivohivo. Sasa mwezi mzima nimekaa na yale ya miaka ya 60 maktaba, yamejalidiwa pamoja mazito kama tofali, na naona tunalisifia kwa majina wakati utamu wenyewe uko kwenye barua za wasomaji.

Iko hivi. Rajat Neogi, kijana wa Kampala mwenye asili ya Kihindi, alilianzisha 1961 akiwa hajafika hata miaka 25, Uganda yenyewe bado haina uhuru. Huyu bwana alikuwa mchokozi. 1966 Nkrumah kapinduliwa juzijuzi tu, watu bado wana kidonda, yeye anachapa makala ya Ali Mazrui, yule mtoto wa Mombasa aliyekuwa anafundisha Makerere, kwamba Nkrumah alitaka kuwa Lenin wa Afrika na hapohapo awe mfalme wa Ghana kama wale wa Urusi ya zamani. We! Barua zilizokuja usiseme. Mwaka uliofuata Paul Theroux, naye mwalimu Makerere, akawaandika wazungu wenzake waliokuja kuishi huku kuwa ni kina Tarzan tu, moto ukawaka tena, na mhariri anaziweka barua za wanaompinga kama kawaida, unasoma unasikia kabisa watu wanakatana kauli.

Lakini ugomvi ulionishika ni wa lugha. Toleo la 10, mwaka 1963, Mnigeria Obi Wali anasema fasihi ya Afrika ikiendelea kuandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa inaelekea ukutani, haitoki. Alikuwa anausema mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere 1962, ambao Ngũgĩ, yule mwandishi wa Kenya, alikuwepo akiwa bado mwanafunzi, na huyohuyo Ngũgĩ miaka zaidi ya 20 baadaye kwenye kitabu chake Decolonising the Mind anarudi kwa Obi Wali kumpa haki yake. Ndo maana nikiambiwa jarida fulani lina ushawishi huwa nauliza nani bado anabishana nalo, na hili watu wanabishana nalo mpaka leo, nusu yao hata hawajui maneno wanayoyasema yalianzia wapi.

Achebe akajibu toleo la 18, 1965, kwamba yeye Kiingereza kapewa na atakitumia. Sawa. Ila humo ndani kuna sehemu nimeirudia mara tatu, anasimulia alivyopita Afrika Mashariki akakutana na Shaaban Robert wakaongea mambo ya uandishi, anajua kabisa kwamba huyu ni mtu mkubwa lakini kazi zake zikoje hajui, akapewa vitabu viwili vya mashairi anavitunza ila hawezi kuvisoma mpaka ajifunze Kiswahili. Jamani. Wakubwa wawili wamekaa pamoja, mmoja anampa mwenzake kitabu na mwenzake anakishika kama picha! Na jarida lenyewe limetoka Kampala, jirani kabisa na sisi, kwa Kiingereza. Hapo nikakata nyota moja, nimelipatia nne kati ya tano.

Ya hela za CIA mnayajua, kwamba taasisi ya Congress for Cultural Freedom iliyokuwa inawasaidia kumbe nyuma yake kulikuwa na majasusi wa Marekani, na Neogi alisema hakujua. Mimi namwamini, maana aliyetumwa haandiki vile mpaka serikali yake mwenyewe inamfunga. Oktoba 1968 walimkamata yeye na mbunge Abu Mayanja kwa uchochezi, kisa barua na makala za kuikosoa katiba ya rais Obote. Tena barua, mnaona? Mahakama ikawaachia lakini hawakwenda nyumbani, wakarudishwa kizuizini. Neogi alipotoka 1969 hakuwa mtu yuleyule, akahamia Accra akalianzisha upya 1971, baadaye Soyinka akalishika akalibadili jina kuwa Ch'indaba, 1976 likafa.

Sasa mkasa wangu. Niliagiza toleo la 10 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, picha kaweka jalada la zamani, nikasubiri wiki kibao, nafungua bahasha nakuta toleo la miaka ya 90. Kumuuliza anajibu "si ndo Transition hiyohiyo dada". Nilitukana kimoyomoyo, ila kusema ukweli hakukosea sana, kwa sababu wasomi Henry Louis Gates na Appiah pamoja na Soyinka walipolifufua Marekani 1991 walianzia namba 51, hawakuanza moja, kama vile Kampala mtu alitoka kidogo akarudi. Sasa hivi liko Harvard. Nimelisoma hilo nililoletewa, karatasi nzuri, makala zimeshiba, zinagusa weusi wa dunia nzima. Kitu cha kwanza nilichotafuta ni barua za wasomaji, nikalipekua mpaka jalada la nyuma sikuona hata moja.

Toleo la 10 bado nalitafuta, mwenye nalo aseme, ila asinitajie bei ya kiwanja.