Darubini au kamera: ubebe ipi ukitembea ufukweni majira ya kuchipua?

Kwa ndege walio mbali kwenye matope, darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 42) haina mpinzani: unainua, unaona, hata wakiruka. Wala haihitaji betri.

Kwa wadudu, kamera inashinda. Kereng'ende hatulii, lakini picha moja nzuri inakuachia mishipa ya mabawa uichunguze nyumbani kwa utulivu. Darubini nyingi hazioni vizuri kilicho miguuni pako.

Matunzo? Chumvi na mchanga ni adui wa zote, ila lenzi ya kamera inayochomoza na kurudi huumia upesi.

Anayependa kutazama tu, darubini inamtosha. Anayeweka orodha ya viumbe aliowaona, na bado anachanganya aina za vipepeo, kamera itamfaa zaidi. Mimi hubeba darubini, simu ikibaki mfukoni kwa ajili ya vipepeo.